Mpango wa Mji na Haki ya Jirani: Sheria za Matumizi ya Ardhi Zinamlinda Nani Kahama?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takribani 242,000 katika eneo ambalo leo ni Manispaa ya Kahama. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 450,000. Katika muda wa miaka 10 tu mji wetu umekaribia kuongezeka mara mbili, na ndani ya kipindi hicho, mwaka 2021, ukapandishwa hadhi kuwa Manispaa. Dhahabu, mpunga na biashara ya njia kuu ziendazo Rwanda, Burundi na Kanda ya Ziwa vimewaleta watu kutoka pande zote za nchi. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima kwenda Tanga linapita katika ukanda wetu. Reli ya kisasa nayo inajengwa kupitia Isaka. Watu wote hao wanahitaji mahali pa kulala, pa kufanyia kazi, pa kusali, pa kusomesha watoto na, siku ikifika, pa kuzikwa.

Mwezi Machi 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Taifa ya Ardhi ya Mwaka 1995, Toleo la 2023. Tangu hapo mazungumzo juu ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi yamezidi kusikika katika mikutano ya mitaa, na hata baada ya Misa waamini huulizana: Kwa nini Serikali inielekeze la kufanya katika kiwanja nilichonunua kwa fedha yangu? Kwa nini jirani yangu amefunga karasha dirishani pangu na hakuna anayemzuia? Kwa nini nyumba hii imewekewa alama ya X nyekundu na ile ya mbele haina?

Maswali haya ni ya kisheria na ni ya kimaadili pia. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini mji hutenga matumizi ya ardhi, sheria ipi inatoa mamlaka hayo, na kwa kipimo gani Mkristo aipime kazi hiyo ili ajue lini anapaswa kutii, lini anapaswa kudai, na lini anapaswa kupinga kwa njia halali.

Kutenga matumizi ni nini

Mji uliopangwa una ramani inayoitwa mchoro wa mipangomiji. Katika mchoro huo kila kipande cha ardhi kimepewa kazi yake: hapa makazi, hapa biashara, hapa makazi pamoja na biashara, hapa viwanda, hapa shule na zahanati, hapa nyumba za ibada, hapa makaburi, hapa barabara, hapa eneo la wazi. Baada ya mchoro kuidhinishwa, mpima ardhi huweka mawe ya mipaka, na hatimaye mwananchi hupewa hati. Matumizi ya kiwanja huandikwa katika hati hiyo, nayo ni sharti la umiliki. Aliyepewa kiwanja cha makazi hakupewa ruhusa ya kufungua gereji ya malori, na aliyepewa kiwanja cha biashara hakupewa ruhusa ya kuyeyushia dhahabu.

Matumizi yanaweza kubadilishwa, lakini kwa utaratibu. Mwenye kiwanja hupeleka maombi kwa halmashauri, wataalamu huyachunguza, na watakaoguswa na mabadiliko hupewa nafasi ya kutoa pingamizi. Kumsikiliza jirani ni kiini cha utaratibu huu. Mtu anayebadili matumizi ya kiwanja chake usiku mmoja, bila kuuliza, anabadili pia maisha ya watu wa nyumba nyingine zinazomzunguka.

Mamlaka haya yanatoka wapi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake, na inakataza kumnyang'anya mtu mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Ibara ya 30 ya Katiba hiyo hiyo inaeleza kwamba haki za mtu mmoja hazitumiki kwa namna ya kuharibu haki za wengine au masilahi ya umma, na miongoni mwa mambo ambayo sheria inaweza kuyasimamia inataja waziwazi afya ya jamii na mipango ya maendeleo ya miji na vijiji. Ibara hizi mbili husomwa pamoja. Anayeisoma ya 24 peke yake atadhani kiwanja chake ni ufalme wake. Anayeisoma ya 30 peke yake atadhani Serikali inaweza kufanya lolote.

Hatua ya pili ni Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999. Inatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, iliyowekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Tunachomiliki ni haki ya kukaa na kuitumia, na haki hiyo huambatana na masharti.

Hatua ya tatu ni Sheria ya Mipangomiji, Namba 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956. Sheria hii inazifanya halmashauri za majiji, manispaa, miji na wilaya kuwa mamlaka za upangaji katika maeneo yao. Inazitaka ziandae mipango ya jumla na mipango ya kina, zikutane na wadau, zipokee maoni na pingamizi kabla mpango haujaidhinishwa. Inakataza kuendeleza ardhi katika eneo la upangaji bila kibali. Kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2018 zinaorodhesha makundi na madaraja ya matumizi, pamoja na viwango vya ukubwa wa viwanja na upana wa barabara. Kwa hiyo Manispaa ya Kahama inapomwambia mtu kwamba hapa hapajengwi kiwanda, haisemi kwa matakwa ya ofisa aliye zamu. Inasema kwa mamlaka yanayoshuka kutoka Katiba hadi Bunge, na kutoka Bunge hadi baraza la madiwani tuliowapigia kura.

Kipimo cha Mtakatifu Thoma

Hata hivyo, si kila kilichoandikwa kwa jina la sheria kina nguvu ya kuibana dhamiri. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba sheria ya kweli ina sifa nne: ni agizo la akili, inalenga mafao ya wote, inatoka kwa mwenye wajibu wa kuitunza jumuiya, na imetangazwa. Tukiupima mpango wa mji kwa sifa hizi nne tutaona unapata wapi nguvu zake na unakosea wapi.

*Akili.* Je, kuna sababu ya kueleweka ya kutenga viwanda na makazi? Katika ukanda wetu wa dhahabu sababu hiyo inaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Karasha linasaga mawe mchana na usiku. Vumbi lake lina chembe za silika ambazo zikiingia mapafuni hazitoki, na humwacha mtu dhaifu mbele ya kifua kikuu. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu hugeuka mvuke inapochomwa. Mvuke huo hauonekani, nao hudhuru ubongo wa mtoto na mimba ya mama aliyeketi upande wa pili wa ukuta. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020 kwa sababu ya hatari hizo. Mashine za kukoboa mpunga, ambazo ni uti wa mgongo wa uchumi wa Kahama na Kagongwa, huleta vumbi la pumba, moto na malori mazito. Hakuna ubaya katika shughuli hizo zenyewe. Zinalisha familia nyingi, na si haba. Ubaya uko katika kuziweka ubavuni mwa vitanda vya watoto. Ndiyo maana kuna eneo la viwanda kama lile la Zongomera, na ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Biblia Takatifu inalijua jambo hili. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati (22:8) kinamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mfupi kuzunguka dari lake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Hiyo ni kanuni ya ujenzi, iliyowekwa pamoja na amri za upendo. Nyumba ni yangu, lakini anayeweza kuanguka kutoka darini ni mgeni wangu. Kwa hiyo ujenzi wangu ni suala la dhamiri yangu mbele ya Mungu.

*Mafao ya wote.* Hapa historia inatuonya. Kutenga maeneo katika miji ya Afrika Mashariki hakukuanza kwa nia njema. Wajerumani walipotunga kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891 waliugawa mji kwa aina ya majengo, na mgawanyo huo ulifuata rangi za watu. Waingereza wakauendeleza kwa kanda zao. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenga makazi ya Waafrika na mitaa mingine, na kisingizio kilikuwa afya. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, yanayosikika hadi leo katika miji mingi, ni kumbukumbu ya mipango hiyo. Huko Marekani nako mahakama kuu ya nchi ililazimika mwaka 1917 kubatilisha sheria ya mji wa Louisville iliyogawa mitaa kwa rangi. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 1926, katika shauri la kijiji cha Euclid jimboni Ohio, ilikubali kwamba mamlaka ya mji yanaweza kutenga viwanda na makazi kwa ajili ya usalama na afya. Hukumu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinatupa somo: chombo kile kile kinaweza kumlinda dhaifu au kumfukuza, na tofauti iko katika kusudi lake.

Mtakatifu Thoma aliongeza kwamba hata sheria yenye shabaha njema inaweza kukosa haki ikiwa mzigo wake unagawanywa bila usawa. Hilo ni la kuulizwa Kahama. Mpango ukiweka maeneo yote yenye moshi na kelele upande wa maskini, na maeneo yote yenye miti upande wa wenye uwezo, hauwezi kusemwa umelenga mafao ya wote. Mama lishe akiondolewa barabarani asubuhi hiyo hiyo, na kiwanda kinachochafua mtaa kikaachwa miaka na miaka kwa sababu mwenye nacho anafahamika, sheria imegeuka fimbo ya kumpiga mnyonge.

*Mwenye mamlaka.* Mamlaka ya upangaji ni halmashauri kupitia vikao vyake. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa heshima na shahidi muhimu wa mauziano, lakini muhuri wake haubadili matumizi ya ardhi. Dalali hana mamlaka yoyote. Leseni ya madini nayo ni jambo moja na haki ya kutumia ardhi ya juu ni jambo jingine. Aliyepata ya kwanza hajapata ya pili. Ofisa anayepokea bahasha ili asiione karasha iliyofungwa kinyume cha mpango hakutoa kibali. Ameuza pumzi ya watu wasiomwona.

*Kutangazwa.* Kati ya sifa nne, hii ndiyo inayotuumiza zaidi. Sheria ambayo haikumfikia anayepaswa kuitii inamtega. Fikiri hali iliyo ya kawaida pembezoni mwa miji yetu. Kata ambayo jana ilikuwa ya vijiji leo ni ya mitaa. Mkulima mwenye ekari nne za mahindi na karanga anaona wanunuzi wanakuja. Anakata shamba vipande vya hatua ishirini kwa ishirini na kuuza kimoja kimoja. Mnunuzi, pengine mwalimu au mama anayeuza mitumba, anaandikishana naye mbele ya mashahidi, anasimamisha nyumba ya vyumba viwili, anahamia kabla ya plasta. Hakuna barabara iliyoachwa, hakuna mahali pa shule, hakuna mfereji. Miaka mitano baadaye anajulishwa kwamba nyumba yake imekaa katika hifadhi ya barabara au katika eneo la viwanda. Mpango ulikuwapo? Huenda. Aliujua? Hapana. Nani alipaswa kumjulisha kabla hajamwaga msingi?

Jibu la haki linagawanya wajibu. Mnunuzi alipaswa kuuliza. Kuuliza si ujinga. Muuzaji alipaswa kusema kweli. Lakini mamlaka iliyochora mpango na kuufungia kabatini haiwezi kuosha mikono yake. Mchoro usiobandikwa katika ofisi ya mtaa, usioelezwa katika mkutano wa hadhara, usiowekewa alama ardhini, umekosa sifa ya nne ya sheria. Gharama ya kubandika karatasi na kuitisha mkutano ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kubomoa nyumba ya familia.

Dar es Salaam imeshalipa gharama hiyo. Bonde la Msimbazi lilijulikana tangu zamani kuwa si mahali pa kujenga, lakini watu waliachwa wakajenga. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Bomoabomoa ya Desemba 2015 ikaacha familia nyingi juani. Sheria iliyonyamaza wakati msingi unachimbwa na kuamka wakati paa limekamilika huumiza mara mbili.

Waliokuwapo kabla ya mpango

Kuna kundi jingine ambalo haliwezi kuitwa wavamizi kwa namna yoyote: wale waliokuwapo kabla mpango haujafika. Mji unapopanuka, unawakuta wakulima wakiwa katika mashamba ya baba zao. Juu ya hawa sheria ya nchi imesema kwa sauti kubwa. Katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lililoamuliwa mwaka 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba haiwezi kutwaliwa bila fidia ya haki, hata pale ambapo ardhi haijaendelezwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikafuata kwa kutaka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati, ikizingatia thamani ya soko, usumbufu, usafiri na upotevu wa mapato. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inaweka ukomo: uthamini ambao haujalipwa ndani ya miaka miwili hupoteza uhai wake, na haki inadai ufanywe upya.

Jambo hili si la nadharia kwetu. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 katikati ya jamii za Mwendakulima, Mwime na Chapulwa, ukafungwa mwaka 2021. Sasa eneo lake limekusudiwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, lenye viwanda na maghala. Katika umri wa kijana mmoja, ardhi ile imekuwa mashamba, ikawa mgodi, na inageuzwa kuwa viwanda. Kugeuza shimo lililokwisha dhahabu liwe mahali pa ajira ni habari njema. Kuna miji ya migodi duniani iliyobaki magofu baada ya madini kwisha. Lakini kila mabadiliko ya matumizi yanafungua upya maswali yale yale. Maji ya visima vya jirani yatapimwa na nani, na majibu yatasomwa wapi? Malori yatapita barabara ipi? Vijana wa mitaa inayopakana watapata mafunzo ya kuingia kazini, au watauza maji ya chupa getini? Waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko, Laudato si', wa mwaka 2015, unafundisha kwamba wanaoguswa na mpango washirikishwe tangu mwanzo, na inapolazimu kuwahamisha watu, wapewe habari mapema na mbadala wenye heshima. Hiyo ndiyo kanuni auni katika matendo: ngazi ya juu haimezi sauti ya ngazi ya chini.

Simulizi la shamba la mizabibu la Nabothi (1Fal 21) linajulikana na wengi. Mfalme Ahabu alitaka kubadili matumizi ya shamba la jirani yake liwe bustani ya mboga karibu na jumba lake. Alitoa bei, akakataliwa, na mwishowe damu ikamwagika kwa hati zilizopigwa muhuri wa mfalme na mashahidi wa uongo. Kila kitu kilifuata utaratibu machoni pa watu wa Yezreeli. Nabii Eliya hakudanganywa na muhuri.

Ardhi isiyouzwa

Tusisahau eneo moja ambalo halina mwenyewe wa kulipigania: eneo la wazi. Uwanja wa watoto kucheza, kipande kilichoachwa kwa shule ya baadaye, ukanda wa miti kandokando ya mto, makaburi. Kwa macho ya mwenye haraka, maeneo haya yanaonekana kama ardhi isiyotumika, na ndiyo ya kwanza kumegwa na kuuzwa kimyakimya.

Katika Kitabu cha Hesabu (35:1-5) Mungu anamwagiza Musa kwamba miji ya Walawi iachiwe viunga vya malisho kuizunguka pande zote nne, na vipimo vinatajwa kwa dhiraa. Kitabu cha Walawi (25:34) kinaongeza kwamba viunga hivyo visiuzwe kamwe. Nyumba za miji hiyo ziliweza kuuzwa na kukombolewa. Kiunga cha wote hakikuingia sokoni. Hekima hiyo ya kale inahitajika Kahama. Diwani, ofisa au kiongozi wa mtaa anayemega uwanja wa shule anachukua mali ya watoto ambao hawajazaliwa, na hao hawana mahali pa kukata rufani.

Kanisa nalo li chini ya sheria

Ni rahisi kuwanyooshea wengine kidole. Kanisa pia ni mmiliki wa ardhi na mjenzi. Vigango vinaongezeka kadiri mitaa inavyoongezeka, na kwa bidii ya kumpata Mungu mahali pa karibu, waamini huweza kununua kipande katika eneo la makazi na kusimamisha kanisa bila kibali. Sheria za Kanisa haziruhusu uzembe huu. Kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wahakikishe umiliki wake unalindwa kwa njia zinazotambulika na sheria za nchi, na kwamba sheria hizo zinazingatiwa ili Kanisa lisipate hasara. Kigango kisicho na hati yenye matumizi ya ibada ni kigango kilichojengwa juu ya mchanga.

Vivyo hivyo vipaza sauti. Ikiwa tunalalamikia baa inayopiga muziki hadi alfajiri karibu na nyumba za watu, basi mkesha wetu nao usimnyime usingizi mgonjwa aliye jirani na kanisa. Parokia inayofuata mpango wa mji itakuwa na sauti safi inapoidai Manispaa ifuate mpango huo huo.

Tufanye nini

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanakusudiwa kutendwa. Kwa waamini wa Kahama na wa ukanda mzima wa dhahabu, mambo manne yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kabla ya kununua kiwanja, fika ofisi ya ardhi ya halmashauri ukiwa na jina la mtaa na mipaka ya eneo, uombe kuoneshwa mchoro na matumizi yaliyopangwa. Usilipe kwa maneno ya dalali. Ikiwa eneo halijapangwa, uliza lini litapangwa, na acheni njia kati ya viwanja vyenu hata kabla mpima hajafika. Urasimishaji wa makazi holela, uliofanywa nchini chini ya programu ya mwaka 2013 hadi 2023, umetufundisha kwamba ni vigumu mno kuipata barabara baada ya kuta kusimama, na kwamba wananchi wanaochangia fedha za upimaji wanapaswa kudai mkataba, risiti na taarifa hadi hati zitoke.

Pili, tuhudhurie mikutano ya mtaa na mikutano ya wadau inayoitishwa kujadili mipango. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinajua mtaa nyumba kwa nyumba kuliko ofisi yoyote. Zinaweza kukubaliana nani aende, aulize nini, na arudi na majibu gani. Akina mama wa WAWATA, ambao ndio hukaa nyumbani na vumbi na moshi, wasiachwe nyuma katika mikutano hiyo.

Tatu, pale jirani anapokiuka matumizi na kudhuru wengine, tuanze kwa kuzungumza naye kama Injili inavyotufundisha, yaani wawili faraghani, kisha mbele ya mashahidi. Asiposikia, malalamiko yaandikwe kwa halmashauri, yenye tarehe na saini za walioguswa, na nakala ihifadhiwe. Migogoro ya umiliki na mipaka ina Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kamati za Haki na Amani za parokia ziwasaidie wasioweza kuandika. Kujichukulia sheria mkononi na kuchoma mashine ya mtu ni dhambi na ni kosa la jinai.

Nne, kwa wale waliopewa dhamana, yaani madiwani, wataalamu wa ardhi, watendaji na wenyeviti, wengi wao wakiwa waamini wenzetu: bandikeni michoro mahali inapoonekana. Wekeni alama katika maeneo ya wazi. Semeni mapema. Sahihi yako juu ya kibali ina uzito mbele ya Mungu kama ahadi nyingine yoyote uliyoiweka hadharani.

Mji unaokua ni baraka, na pia ni mtihani wa upendo kwa jirani, kwa sababu unatuweka ukuta kwa ukuta na watu tusiowachagua. Sheria ya matumizi ya ardhi ikitungwa kwa akili, ikilenga mafao ya wote, ikatoka kwa mamlaka halali na ikatangazwa waziwazi, inausaidia upendo huo pale ambapo hisia peke yake hazitoshi. Inamwambia mwenye karasha kwamba mtoto wa upande wa pili wa ukuta ana jina. Inamwambia mwenye mamlaka kwamba mkulima aliyetangulia ana haki. Kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu, fundi aliyeijua kazi ya kujenga na aliyejua pia uchungu wa kutafuta mahali pa kuilaza familia yake, Mungu atujalie kuijenga Kahama ambayo ndani yake hakuna atakayeogopa kulipokucha kukuta alama nyekundu ukutani pake.